Kichwa cha Hujaji wa Nne

Jumapili, 24 Machi

Hapana, sikukosea, na dada yangu Solange nitamjibu hivyo hivyo tukionana: mwanaume akikusimulia habari za kasha la shaba mpaka kahawa zenu zote mbili zikapoa, na wewe hukuona saa ilivyokwenda, mwanaume huyo unaolewa naye. Yeye anadai niliolewa kwa ajili ya macho ya Firmin. Macho nayo yamo, sikatai. Lakini siku ile kwenye mgahawa wa stesheni alichukua vipande sita vya sukari akavipanga mstari mezani.

"Hawa ni mahujaji sita walio ubavuni mwa kasha la mifupa ya Mtakatifu Valdry," akasema. "Miili imechorwa kwenye shaba, lakini vichwa vimeumbwa kando, vidogo kama haragwe, kisha vikapigiliwa juu. Watano wamenuna kama watu wanaongoja treni. Wa nne anatabasamu."

"Kwa nini?"

"Fundi alikufa miaka mia nane iliyopita. Nenda kamuulize."

Akachukua kipande cha nne akakitumbukiza katika kahawa yangu. Hapo nikawa nimekwisha.

Leo ni wiki ya tano ya ndoa yetu. Bendera imepandishwa juu ya mnara wa kanisa, maana huu ni mwaka wa saba, mwaka wa kulitoa kasha na kulipitisha vijijini. Kijiji kizima cha Saint-Valdry kilisimama uwanjani shingo juu. Kwetu sisi hatuna mtakatifu, tuna tangi la maji tu. Nililia. Firmin alinipa leso yake yenye vumbi la mbao, nikazidi kulia.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Nimepika supu ya kabichi. Firmin amekula sahani tatu na kuniita malkia.

Jumamosi, 30 Machi

Leo nimejua jambo ambalo mume wangu hakuniambia.

Wanawake wote wa kijiji wanatengeneza maua ya karatasi ya kupamba njia ya maandamano, na mimi nikaenda kusaidia nyumbani kwa Gilberte, mke wa mwoka mikate. Tulikuwa kama kumi na wawili, karatasi nyekundu mpaka magotini. Gilberte akaniuliza bila kuinua macho:

"Bibi harusi, hebu tuambie. Pale kwa wakwe zako, ukifagia chini ya kabati, hujaokota kichwa?"

Wakacheka wote.

"Kichwa cha nani?" nikauliza.

"Jamani, hajui! Masikini, wamemwoza bila kumwambia!"

Nilirudi nyumbani masikio yakiwaka moto. Firmin alikuwa akipiga randa ubao. Aliponiona aliiweka chini.

Hujaji wa nne hana kichwa. Kilipotea miaka saba iliyopita, siku ya maandamano yenyewe. Kasha hubebwa na wanaume wanne juu ya fito mbili, na nafasi ya mbele kushoto imekuwa ya ukoo wa Betoulle tangu babu wa babu yake Firmin. Siku hiyo aliyeishika alikuwa baba mkwe wangu, Anselme. Walipofika mabonde ya chini mvua ya mawe ikawashukia. Wakakimbilia ghala la majani, wakalaza sakafuni mito yao ya bega, ile ya kukinga bega na fito, wakaliweka kasha juu yake. Watatu wakaenda kutafuta turubai. Baba akabaki peke yake na kasha, robo saa hivi. Waliporudi wakaondoka, na walipofika kanisani hujaji wa nne alikuwa shingo tupu.

"Walimwita mwizi?" nikauliza.

"Hakuna aliyetamka neno hilo. Mzee Marcelin, kiongozi wa wabebaji, alisema jambo moja tu: 'Anselme ndiye aliyebaki.' Basi. Miaka saba sasa. Ukiingia dukani unaliona usoni mwa watu. Ndiye aliyebaki."

Sasa goti la Baba limekwisha, hawezi kubeba. Anataka Firmin ashike nafasi. Wabebaji watapigiwa kura tarehe kumi na mbili Mei, na Firmin akikataliwa, nafasi itakwenda kwa ukoo mwingine na haitarudi.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utahesabu sukari upya," akasema.

Nilimbusu palepale, vumbi la mbao na yote.

Jumapili, 14 Aprili, Pasaka

Nimeliona kasha!

Kasha hukaa nyuma ya kimia cha chuma chenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja anao Padre, mmoja meya, mmoja kiongozi wa wabebaji, na lazima zifunguliwe pamoja. Mzee Marcelin ni mtu mrefu, mkavu, koti jeusi limepigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, maana mkewe Hortense alifariki mwaka ule ule wa mvua ya mawe, kabla ya Krismasi. Funguo zikalia, mlango ukafunguka, Padre akalitoa.

Nilidhani litakuwa kubwa. Halizidi mkate wa familia! Ni kijumba, kina kuta na paa la mteremko, na juu ya paa safu ya matundu kama ya funguo. Lakini ule ubluu! Sijui nikuambie nini, daftari langu. Si bluu ya mbingu wala ya maua. Ni kioo kilichosagwa unga, kikajazwa katika mashimo ya shaba na kuyeyushwa motoni, na moto ule kama haujazimika. Kati ya bluu kuna duara za kijani na nyeupe, na pembeni mwake nyekundu nyembamba kama damu ukijichoma sindano. Dhahabu imefutika pale ambapo watu wamebusu kwa karne nane, na shaba imechungulia. Hapo ndipo palipo pazuri kuliko pote.

Na mahujaji. Kila mmoja ana macho mawili ya shanga nyeusi, madogo kama mbegu za mpopi. Wananuna kweli! Yupo wa pili ambaye ni Gilberte mtupu. Wa nne amesimama na fimbo yake, kanzu imechorwa mikunjo mizuri, na juu ya kola kuna tundu la msumari.

Nilifikiria yule fundi. Aliunda vichwa vitano vya kununa akachoka, au asubuhi hiyo alikuwa ameoa. Mimi naamini alikuwa ameoa.

Baba alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, kofia mkononi. Hakusogea kubusu. Hakuna aliyemwita.

Jumatatu, 15 Aprili

Mkate wa viazi na krimu umeungua chini. Firmin anasema chini ndiko kutamu.

Jumatatu, 22 Aprili

Mzee Marcelin amekuja. Mama mkwe wangu, Léonie, alipomwona dirishani aliangusha kijiko.

Kuna desturi hapa: mito minne ya bega hutundikwa kabatini katika sakristia, chumba cha mavazi ya Padre, miaka saba bila kuguswa, na mwaka wa maandamano bi harusi mpya kuliko wote katika parokia huifumua, huifua na kuijaza sufu mpya. Bi harusi huyo ni mimi.

"Bibi Odile," akasema, mito mikononi.

"Karibu ndani, Mzee."

"Hapa panatosha."

Alisimama mlangoni, mvua ikimdondokea kisogoni. Baba alikuwa jikoni, hatua kumi tu, akichonga mpini wa jembe, na kisu hakikupunguza mwendo. Kila mto una herufi ya ukoo iliyotariziwa. Mzee alinipa mmoja mmoja. Wa mwisho una herufi yake, na ubavuni una mshono wa uzi wa bluu, mwingine wote ni mweupe. Aliupitishia kidole gumba kabla ya kuuachia.

"Huu aliushona Hortense," akasema. Akaondoka.

"Mtu mzima hajui hata kutumia mwavuli," Baba akanena jikoni.

Alhamisi, 25 Aprili

Nitaandika polepole, nisikosee hata kidogo.

Leo palikuwa na jua. Nilikaa uani kwenye kigoda, sufu ya kondoo wetu kapuni. Nilianza na mto wa Betoulle, halafu miwili mingine: sufu kuukuu, mabua, mende mmoja aliyekauka. Wa Mzee Marcelin niliuacha mwisho kwa sababu nilisikitika kukata ule uzi wa bluu. Ni mshono wa mtu hodari, mfupi na sawasawa kama meno ya kitana. Sikuukata, niliuvuta taratibu na kuuviringa kwenye kipande cha kadi. Kisha nikatia mkono ndani.

Nilishika kitu kigumu. Nikadhani ni mbegu.

Kilikuwa kinanitazama. Macho mawili meusi, nywele zimechanwa katikati, na midomo, ewe Mungu wangu, midomo imeinuka upande mmoja, kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka jambo la siri. Anatabasamu! Firmin hakuongeza chumvi hata chembe. Nilicheka peke yangu uani kama mwehu, nikakibusu. Halafu ndipo nikaelewa nilikitoa wapi.

Nilimwita Baba. Alikuja akichechemea, akakitazama katika kiganja changu muda mrefu. Hakukigusa.

"Upi?" akauliza.

Nilimwonyesha mto wenye herufi ya Marcelin, na uzi wa bluu kwenye kadi. Tukaunganisha habari pamoja. Ghalani waliweka kasha juu ya mito. Msumari uliolegea ukachomoka, kichwa kikaingia mto wa Marcelin pale ulipochanika. Jioni ile Hortense akaona pamechanika, akashona, bila kujua anashona nini.

"Twende kwa Padre sasa hivi!" nikasema. "Twende kwa Gilberte! Niazimie ngoma!"

"Kaa, binti yangu."

Nikakaa.

"Ukisema kilikuwa kwa Marcelin, watu watafanya nini? Watayatoa maneno mlangoni kwangu wayapeleke mlangoni kwake. Watasema Hortense alijua. Yeye hayupo wa kujitetea. Na Marcelin yuko peke yake mle ndani. Mimi nina mama yenu, nina Firmin, sasa nina wewe. Nimeyabeba miaka saba, nimeshazoea uzito wake."

"Lakini Firmin atakosa nafasi!"

Nikaona hilo limemwingia, kwa kuwa alikaa chini, kwenye jiwe lenye maji.

"Changanya sufu zote kuukuu katika kapu moja," akasema mwishowe. "Mwambie Padre umekikuta katika sufu. Si uongo."

Nilichanganya. Kadi yenye uzi nikaitia mfukoni mwa aproni. Alisema nichanganye sufu; habari za uzi hakusema.

Ijumaa, 26 Aprili

Padre alikipokea kwa mikono miwili, akatupikia kahawa mbaya mno.

Firmin anajua yote. Alikwenda kumtazama baba yake kazini kwa dakika nzima, akarudi akanikumbatia.

Jumapili, 5 Mei

Imekuwa mbaya kuliko mwanzo.

Padre alitangaza kanisani kwamba kichwa kimepatikana katika sufu ya mito. Nilitegemea shangwe. Watu waligeuka wakatutazama sisi. Nje uwanjani nikamsikia Gilberte: "Miaka saba hakionekani, bi harusi wa Betoulle anaingia, siku ya pili kinapatikana! Dhamiri imemuuma mzee. Amempa msichana akirudishe."

"Mama Gilberte," nikamwambia, "nilikitoa kwa mkono wangu huu."

"Sikatai, mwanangu. Nauliza kiliingia kwa mkono gani."

Nyumbani nilimkasirikia Baba, nakiri. Nilimwambia anamchoma mwanawe ili kumkinga mtu asiyemkaribisha hata kwa salamu. Mama Léonie alinishika bega nikanyamaza. Baba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hortense ndiye aliyemzalisha mama yenu Firmin alipozaliwa," akasema. "Theluji mpaka dirishani, mkunga hawezi kufika. Alikuja kwa miguu."

Basi. Akarudi kwa kondoo wake. Nami niliyekuwa namwona mtu mkaidi tu, nimeona kumbe nimeolewa katika nyumba ya namna gani.

Alhamisi, 9 Mei

Mito minne nimemaliza kushona. Uzi mweupe wote. Maua ya karatasi nimefikisha mia nne, natengeneza peke yangu nyumbani.

Jumapili, 12 Mei

Ukumbi wa kijiji ulijaa mpaka madirishani. Mezani waliketi Padre na Mzee Marcelin, na mito yangu minne imepangwa mbele yao, minene na safi. Mimi na Mama tulikaa nyuma. Baba alikaa karibu na mlango, kama kawaida yake.

Wabebaji watatu walipitishwa haraka. Kisha Mzee Marcelin akasoma: "Mbele kushoto. Firmin Betoulle." Watu wakatazama viatu vyao.

Mzee alikuwa ameshika mto wake. Nadhani hakujua kwamba anaupapasa. Kidole gumba kilikwenda ubavuni, kikatafuta, kikarudi. Akaugeuza.

"Bibi Odile," akaita. "Hapa palikuwa na uzi wa bluu."

Nikasimama. "Ndiyo, Mzee."

"Umekwenda wapi?"

Nikautoa mfukoni. Nilipita katikati ya viti vyote vile nikampa kadi. Aliishika kama mtu anayeshika kifaranga.

"Kichwa kilikuwa katika mto upi?"

Nilimtazama Baba. Alitikisa kichwa: hapana.

"Sufu zilikuwa zimechanganyika, Mzee."

"Sikukuuliza habari za sufu."

Nikamtazama Baba tena. Jibu la kweli lisingekuwa la utii. Mzee Marcelin akanitazama, akamtazama Baba kule mlangoni, na nikaona uso wake ukielewa.

"Jioni ile," akasema, na sauti yake haikuwa ya kuhutubia watu, "Hortense aliushona mto huu mezani kwetu. Mimi nilikuwa nakunywa supu. Akaniambia, 'Marcelin, humu ndani mna kitu kigumu.' Nikamwambia, 'Ni kijiti cha mbigiri, mwanamke, wewe shona, nimechoka.' Akashona. Asubuhi nikautundika kabatini kwa mkono wangu."

Akaizungusha ile kadi vidoleni.

"Miaka saba nimesema Anselme ndiye aliyebaki. Ni kweli, alibaki. Alibaki na kasha, sisi tukikimbia mvua. Na kichwa kilirudi nyumbani begani kwangu."

Akamgeukia Baba. "Ulijua?"

"Tangu mwezi uliopita," Baba akasema.

"Na ukanyamaza."

"Wewe umesema maneno yanatosha sisi wawili."

Mtu alicheka, kisha akaogopa kwamba amecheka. Mzee Marcelin alipangusa macho kwa mto wangu mpya, ulionigharimu siku tatu.

"Anselme, nitukane basi. Sema kitu."

"Niseme nini? Pigeni kura, watu wana njaa."

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Gilberte, naye alikuwa mwekundu kuliko maua yake. Kisha ukumbi mzima. Firmin wangu alisimama katikati ya mikono ile yote, mrefu, masikio yamemwiva, na mimi nikampenda upya tangu mwanzo.

Jumatatu, 13 Mei

Gilberte ameleta mikate miwili. Nilimpa maua mia nne.

Jumapili, 19 Mei

Jua tangu alfajiri! Njia yote imetandikwa majani mabichi, na maua yetu ya karatasi yamening'inia toka dirisha hadi dirisha.

Mzee Marcelin alitaka kujiuzulu nafasi yake ya nyuma. Baba alimwambia, "Ukitoka wewe kasha litainama. Firmin ni mrefu mno, anahitaji mwingine wa kumsawazisha." Basi alibeba. Firmin alibeba mbele kushoto, koti limekunjwa begani badala ya mto, magoti yamekunjwa kidogo safari nzima ili fito zikae sawa, na jioni hii hawezi kupanda ngazi. Nampaka mafuta ya kafuri huku namcheka.

Na mbele ya kasha, peke yake, alitembea Baba. Ndivyo Mzee Marcelin alivyoagiza na hakutaka mjadala. Baba alichechemea na fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili alibeba mto wenye herufi ya Betoulle, na juu yake kichwa kidogo cha shaba, kikitabasamu kwa kila mlango tuliopita. Watu walipiga goti. Kwenye mabonde ya chini, mbele ya ghala lile, alisimama. Wote wakasimama. Alitazama mbinguni, akasema, "Leo mvua haina mpango," tukaendelea.

Jumatatu, 3 Juni

Bibi wa serikali anayesimamia vitu vya kale amekuja, amekuta Padre ameshanunua gundi, amempokonya. Kasha na kichwa vimekwenda mjini Limoges, kwenye karakana ambako fundi atatengeneza msumari mdogo wa shaba na kumrudishia hujaji wetu kichwa chake. Tumeruhusiwa kwenda kutazama, watu wasiozidi wanne.

"Nitaendesha mimi," akasema Mzee Marcelin. Siku hizi huingia mpaka jikoni na kukalia kiti cha karibu na jiko bila kuambiwa.

"Unaendesha vibaya," Baba akamjibu.

"Ndiyo maana utakaa mbele, upate kunipigia kelele."

Mama Léonie amesema garini mwa Marcelin hapandi hata akiahidiwa pepo. Kwa hiyo tunakwenda wanne kamili: wazee wawili mbele wakigombana, mimi na Firmin nyuma tumeshikana mikono. Nimekwisha mwandikia barua Solange, anayekaa huko huko Limoges: achemshe kahawa nyingi, atoe na sukari ya vipande, kwa sababu kabla mwezi huu haujaisha tutabisha mlangoni kwake.